Choo Kilichojengwa kwa Risala

Zulekha Abdulkadiri,
Muuza kunde,
Soko Dogo la Binti Makame,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Lugha,

YAH: OMBI LA KUPIGWA MARUFUKU KWA USAMBAMBA NDANI YA SOKO LETU

Nakusalimu kwanza. Kama umenizidi umri, pokea shikamoo yangu. Kama mimi ndiye mkubwa, basi marahaba, sina neno. Huku kwetu tu wazima, isipokuwa vibofu, na vibofu hivyo ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa wa Ilala, na babu yangu kazikwa huko huko. Katika soko nililolitaja hapo juu nina meza ya kunde, choroko na mchele. Najua hivyo ni vitu vitatu na kwamba vimepangika vizuri, lakini vipo, na ukipita utaviona kwa macho yako. Gazeti lako silinunui. Nalisoma hata hivyo, tena lote, kwa kuwa ndilo ninalofungia mafungu madogo ya choroko, na mfanyabiashara mwenye adabu hafungi kitu kwa karatasi asiyoisoma.

Hapo nyuma mlitoa somo lenye kichwa “Sentensi Zitembee Pamoja”. Mwandishi wenu alieleza kwamba mtu akitaka maneno yake yashike kwa wasikilizaji, apange vipande vya sentensi kwa umbo moja, kimoja nyuma ya kingine, mithili ya askari kwenye gwaride. Mbinu hiyo mkaiita usambamba. Mkaongeza kwamba vipande viwili vinapendeza ila vitatu ndivyo vinavyokamilisha. Nililisoma somo hilo nikalifurahia, nikamfungia mteja choroko zake, nikaendelea na kazi.

Bahati mbaya lilisomwa pia na katibu wa kamati ya soko letu, Ndugu Polycarp. Huyu ni mtu wa Masasi, anauza viatu vya mtumba, na ujanani alisomea upadre kidogo kabla hajagundua kuwa wenye kuhitaji viatu ni wengi kuliko wenye kuhitaji mahubiri. Ni mtu mwema. Hanywi pombe wala hagombani na mtu. Sifa ya tatu sijaithibitisha, kwa hiyo siiandiki. Alilikata somo lenu kwa mkasi, akalibandika ukutani juu ya meza ya kamati, na toka siku hiyo hakuna aliyemsikia akitoa sentensi ya mguu mmoja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Risala

Unajua desturi yetu. Mgeni rasmi akija popote, hata kama amekuja kukata utepe wa kibanda cha kuku, lazima asomewe risala. Ataanza kushukuriwa, halafu atatajiwa mafanikio, kisha changamoto, na mwisho maombi, ambayo ndiyo hasa aliyoitiwa. Kwetu alikuja mheshimiwa mmoja kuzindua taa na bomba la maji. Sisi akina mama tulimwomba Polycarp jambo moja tu: kwenye changamoto aandike kuwa soko halina choo cha wanawake. Wanaume wana kichochoro chao nyuma ya maghala na hawakionei haya. Sisi hatuna hata hicho.

Polycarp akakaa kuandika. Mafanikio, ukiyahesabu kwa haki, yalikuwa mawili. Akaandika “tumepata mwanga, tumepata maji”, halafu kalamu ikabaki hewani. Mwenyewe alinieleza baadaye. Alisema sentensi isiyo na kipande cha tatu ni chungu kilichoinjikwa juu ya mafiga mawili, lazima kimwagike. Akajaribu “tumepata amani”, ila wiki ile ile Hafidhi wa vitunguu alikuwa amepigana na jirani yake kwa mawe ya mizani. Akajaribu “tumepata umoja”, akamkumbuka tena Hafidhi. Akitupa macho chini kidogo kwenye karatasi, akakiona choo kimekaa peke yake katika changamoto, kifupi, kina silabi mbili, kinalingana na maji kabisa. Akakihamisha.

Siku ilipofika akasimama mbele ya meza kuu na shati lake la kitenge, akasoma kwa ile sauti yake ya altareni: “Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa juhudi zenu tumepata mwanga, tumepata maji, tumepata choo.”

Ndugu Mhariri, ilikuwa tamu. Nikisema haikuwa tamu nitakuwa mwongo, na waongo hapa tunao wa kutosha. Soko zima lililipuka kwa vigelegele. Josepha, mama lishe wa meza ya pili kutoka kwangu, ambaye ni mjamzito na wakati ule alikuwa amebana magoti akiomba hotuba ziishe, alipiga kigelegele kirefu kuliko wote. Bi. Chiku muuza udi, mzee wetu, aliinuka akamtuza msomaji. Na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Hakuna aliyeuliza hicho choo kiko upande gani.

Nimelifikiria sana jambo hili, na nimeona wizi ulivyofanyika. Sikio likishakubali mara mbili, mara ya tatu haliulizi. Mwanga tuliuona, maji tuliyaoga, na hao wawili wakamdhamini wa tatu ambaye hawamfahamu. Ni kama fungu la nyanya: nzuri zinapangwa mbele, iliyooza inakaa nyuma, na mnunuzi anaigundua jikoni. Sisi jiko letu lilikuwa karibu sana.

2. Majibu ya mgeni rasmi

Kumbe mheshimiwa alikuwa amekuja na habari mfukoni. Choo chetu kilikwisha kupitishwa huko juu, na siku ile alitakiwa atutangazie kuwa mafundi watakuja. Aliposikia tumekipata, alimwinamia msaidizi wake wakanong’ona. Msaidizi akapekua makaratasi, akapandisha mabega. Mheshimiwa akasimama, na nahisi naye ni msomaji wa ukurasa wako, kwa sababu alisema hivi: “Waliopata tuwapongeze, wasiopata tuwafikirie, watakaopata wawe na subira.” Baada ya hapo akatangaza kuwa fungu lile la ujenzi linahamia soko moja dogo upande wa Buguruni.

Tukashangilia tena. Bi. Chiku alisema kwa sauti, “Maneno si ndio hayo!” Tulikisindikiza choo chetu kwa nderemo kama tunampeleka bibi harusi kwa mumewe. Sina kinyongo na watu wa Buguruni, nao wana vibofu. Nina kinyongo na sentensi.

3. Yaliyotupata

Hapa naomba nisitanie sana.

Bi. Chiku ana ugonjwa wa sukari, na hospitali walimwambia anywe maji mengi. Yeye anaamka, anakuja sokoni, anakaa mpaka jioni bila kuweka tone mdomoni, kwa sababu akinywa atatafuta pa kwenda na hapapo. Ni mfungo ulio nje ya Ramadhani, hauna futari wala thawabu. Siku moja mchana alianguka juu ya meza yake, vifurushi vya udi vikasambaa chini, na watu wakadhani ni joto. Polycarp ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi alipomuuliza kwa nini hanywi maji, mama wa watu aliona aibu kumwambia. Nilikuwepo. Alisema kasahau.

Josepha naye, kwa tumbo lile, anavuka barabara ya magari kwenda gesti ya mtaa wa pili. Mwenye gesti ametoa amri kuwa choo ni cha wateja peke yao. Mlinzi wa pale, Kasmir, ana huruma lakini anaogopa kufukuzwa kazi, basi wamekubaliana kwamba Josepha aingie kama anayetaka kukagua chumba. Anakikagua asubuhi, anarudi kukikagua mchana. Wote wawili sasa wanajua pazia limetatuka wapi. Na mtaa nao unajua, maana mtaa una macho: inasemwa kuwa mke wa fundi Abbasi, ndiye huyo Josepha, haishi kuonekana gesti. Mumewe amemuuliza mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili hakuwa mpole.

Nilipomwambia Josepha avumilie tulifuatilie kwa utaratibu, alinijibu, “Dada Zulekha, we acha tu. Mkojo haujui koma wala nukta.”

4. Msimamo wa kamati

Tulikwenda kwa mwenyekiti wetu, Mzee Awadhi, tukiwa wanawake wa kutosha kumtisha. Alitusikiliza, akatuagizia kahawa, akatueleza kwamba risala ikishasomwa mbele ya mgeni rasmi haisomwi kinyumenyume. “Mheshimiwa ameshatupongeza, wanangu,” alisema. “Tukisema hakipo, tumemwambia kapongeza hewa. Mtu mzima haambiwi hivyo.”

Kwa hiyo kamati ikaona sentensi isiguswe, lirekebishwe soko. Walichukua mlango wa stoo ya mafagio, wakaupaka rangi ya kijani, wakaandika WANAWAKE kwa herufi kubwa. Ndani yake yamo mafagio, mzani uliovunjika, na bango la siku ya uzinduzi. Nje pana kufuli. Ufunguo anao Mzee Awadhi, na ukimwomba anakuuliza wa nini.

Tangu hapo wageni wakija wanaonyeshwa mlango ule kwa mbali. Wajumbe wa soko jingine walikuja kujifunza tulivyofanikiwa. Wakapiga nao picha. Juzi mteja wangu mmoja, Bi. Zamzam, mwanamke mstaarabu sana, aliuona, akashukuru Mungu, akaniachia kapu lake akaenda. Akakuta umefungwa. Akabisha hodi kwa adabu, kisha akasubiri, akidhani mwenzake yumo ndani hajamaliza. Mwanamke mwingine akaja akasimama nyuma yake, na mwingine tena. Nilipoinua macho, foleni ilikuwa imefika kwa wauza nazi. Watu wazima, Ndugu Mhariri, wamepanga foleni wakiyasubiri mafagio yatoke.

5. Maambukizi

Ungedhani ugonjwa umeishia kwa Polycarp. Haukuishia.

Hafidhi sasa ananadi “kitunguu kikubwa, kitunguu kikavu, kitunguu cha Lushoto”. Kikavu nakubali. Ukubwa ni wa gololi, na Lushoto hakijawahi kufika hata kutembea.

Mpwa wangu Amira ameposwa na kijana aliyemwandikia kwenye simu, “Wewe ni macho yangu, wewe ni moyo wangu, wewe ni mapafu yangu.” Mtoto ananionyesha huku analia kwa furaha. Nilipouliza figo kampa nani, nikaambiwa nina wivu. Si wivu. Mtu anayeorodhesha viungo bila kuulizwa, siku moja atafikia kile ambacho hana.

Hata mume wangu nyumbani. Zamani akirudi alisema “nimechoka” na mimi nilimpa maji. Siku hizi amechoka mwili, amechoka akili, amechoka roho. Nimemchunguza kwa siku kadhaa. Mwili kweli umechoka. Akili inasikiliza mpira mpaka dakika za nyongeza, na roho inakula sahani mbili za ubwabwa.

Lakini lililonikata maini ni la msiba wa marehemu Zakayo, seremala wa vizimba vyetu, Mungu amrehemu. Polycarp aliombwa asome wasifu wa marehemu. Alianza vizuri, watu wanalia kwa mpangilio. Akasema, “Alikuwa baba wa yatima,” tukaitikia. “Alikuwa kaka wa wanyonge,” tukaitikia. Hapo nikamwona anatafuta kipande cha tatu, nikajua tumekwisha. Akasema, “Alikuwa mume wa wajane.”

Mjane halisi, Mama Angelina, aliacha kulia papo hapo. Aliinuka kwenye mkeka, akajifunga kanga sawasawa, akaomba watajwe majina. Padre akajaribu kuanzisha wimbo, haukushika. Jeneza lilibaki pale mpaka kikao cha familia kikamilishe uchunguzi, na marehemu, ambaye maisha yake yote alikuwa na mke mmoja na randa moja, alizikwa akiwa bado mtuhumiwa.

6. Wahenga

Baada ya hayo yote nimelazimika kurudi nyuma na kuwakagua wahenga wenyewe, maana nahofia wao ndio walioanza. Wanasema “haraka haraka haina baraka”. Haraka ya kwanza naielewa. Ya pili imekuja kwa kibali cha nani? Wanasema “haba na haba hujaza kibaba”. Mimi napima kunde kila siku. Haba moja naiona inaingia kwenye kibaba. Hiyo nyingine inabaki kwenye methali, na mteja anaondoka anahisi amejaziwa. Nchi nzima, Ndugu Mhariri, inawezekana tumekuwa tukila nusu na kuitikia nzima, na kwa sababu vinalingana masikioni hatujagundua tumboni.

MAOMBI

Kwa heshima zote, na kwa kuwa ukurasa wako ndio uliotupa ugonjwa, nakuomba yafuatayo:

(a) Utoe tangazo la kulifuta somo lile, kwa maandishi makubwa kama yaliyolileta.

(b) Uwashauri wakubwa watunge sheria kwamba ndani ya soko hakuna sentensi yenye kipande zaidi ya kimoja itakayosemwa kabla haijakaguliwa na bwana afya, kipande kwa kipande, na kila kizima kigongwe muhuri wa wino kama nyama inavyogongwa buchani. Kilichooza kimwagiwe mafuta ya taa kisiuzwe uchochoroni.

(c) Sentensi inayotaja choo ikaguliwe na mwanamke aliyekwisha kunywa chai. Mwanamume hapewi kazi hiyo, hata awe na elimu kiasi gani.

(d) Polycarp apewe kifungo cha maneno. Aruhusiwe “ndiyo”, “hapana” na bei ya kiatu. Akisema “karibu” mara mbili, apelekwe mbele ya kamati.

(e) Wachumba watajiwe kiungo kimoja tu, na kiwe ambacho mtoaji anaweza kukionyesha kwa wazazi.

(f) Methali zote zipunguzwe mpaka zibaki na kile zinachoweza kuthibitisha. Nimejaribu na hiyo ya haraka. Ikisemwa mara moja bado inafika, tena mapema.

(g) Wewe mwenyewe uje. Nitakukaribisha kwa Josepha unywe chai vikombe vitatu, vya kweli, vyenye tangawizi ya kutosha. Utakaa nasi kwenye benchi tuzungumzie uzuri wa lugha mpaka chai ianze kukudai. Hapo nitakuonyesha mlango wa kijani, nikusomee risala, na nitakuachia uamue mwenyewe kama sentensi imetosha.

Sala na dua sijazigusa. Huko kurudia kuna Msikilizaji mwenye subira, na Yeye hadanganywi na kipande cha tatu.

Naomba radhi kama nimekukwaza. Nisalimie nyumbani kwako wakubwa kwa watoto, nisalimie wapiga chapa, msambazaji, na yule anayewapikia chai ofisini, mwambie namwonea wivu mahali anapofanyia kazi. Mwandishi wa lile somo mpe salamu moja, asipewe na ya pili. Bi. Chiku anakusalimu. Josepha angekusalimu lakini ametoka kwenda kukagua chumba.

Ni mimi ninayesubiri jibu lako nikiwa nimebana,

Zulekha Abdulkadiri

Nyongeza baada ya sahihi:

Nilikuwa bado sijaituma barua hii, na sasa yametokea mengine. Mheshimiwa anarudi Alhamisi. Ameziona zile picha za mlango na anataka aje kukiona choo cha mfano kwa macho yake. Mzee Awadhi amepata homa. Wanawake wamesema safari hii risala inatoka kwao, na kwa kuwa nilishajisifia barua yangu kwa kila mtu, nikateuliwa mimi kuiandika.

Niliandika kwa mujibu wa msimamo wangu, bila pambo: “Mheshimiwa, hatuna choo.” Nikawasomea. Bi. Chiku akasema ni kweli tupu, ila mgeni atakuwa bado anavuta kiti na neno limeshapita. Josepha akasema, “Dada, hiyo siyo risala, hiyo meseji.” Nikaongeza maelezo, na makadirio ya fundi wa kujenga choo, na tarehe. Wakapiga miayo mmoja baada ya mwingine, na ni wanawake wenye shida hiyo hiyo, wamebana hapo hapo.

Basi nikaenda kwa Polycarp. Nilimkuta kati ya viatu vyake. Ukutani pale kamati palikuwa patupu. Lile somo lenu alilibandua mwenyewe siku ile aliyombeba Bi. Chiku, na tangu hapo hajaandika kitu. Nilimwambia tunachotaka. Akanijibu taratibu kwamba risala haifutwi na lalamiko, risala hufutwa na risala. Akaja akakaa nasi kwenye benchi, akamuuliza Bi. Chiku siku yake inavyokwenda, akamuuliza na Josepha. Safari hii aliandika alichoambiwa.

Ametusomea jana. Nakunakilia hapa: “Mheshimiwa, Bi. Chiku ameacha kunywa maji, kwa sababu hatuna choo. Josepha anasingiziwa ugoni akiwa mjamzito, kwa sababu hatuna choo. Na mimi Polycarp nilisimama hapa nikakusomea uongo, nikashangiliwa, na hatuna choo.”

Nimevikagua vipande vyote vitatu mimi mwenyewe. Ni vizima. Alipomaliza, Bi. Chiku alimwomba arudie, akarudia, na Josepha akalia waziwazi mbele ya wateja wake. Mimi pia nililia, na sikuandika haya ili nionewe huruma bali ili ujue kazi imefanyika.

Kwa hiyo nakuomba sana, Ndugu Mhariri, usiichape barua hii kabla ya Alhamisi. Kamati ikiliona ombi langu la (d) italitekeleza mara moja, na siku hiyo tunamhitaji Polycarp na sauti yake yote.